Kagua Kwanza, Lipa Baadaye: Kuhusu Majengo Mapya na Woga wa Kuuliza

Katika nchi hii jengo jipya lina siku mbili kubwa: siku ya kuwekwa jiwe la msingi na siku ya kukatwa utepe. Kuna siku ya tatu, ambayo ndiyo ingepaswa kuwa kubwa kuliko zote, nayo haina mgeni rasmi, haina kwaya wala maturubai. Ni siku ambayo mtu atakayelala ndani ya jengo hilo, au mzazi ambaye mwanawe atasomea humo, anaingia chumba kwa chumba, anafungua koki, anafunga milango, anatazama juu na chini, na kuandika kila kasoro anayoiona kabla senti ya mwisho haijamfikia mjenzi. Kwetu siku hiyo ama haipo, ama ipo kwenye makaratasi tu, ikiwa na sahihi za watu ambao hawatalala humo hata usiku mmoja. Nadai katika makala haya kwamba tatizo hili ni la kisiasa kabla halijawa la kiufundi. Wahandisi tunao, na vyuo vyetu vinatoa wengine kila mwaka. Kinachokosekana ni ruhusa ya mtumiaji kuuliza.

Naandika nikiwa nyumbani Kihanga, wilayani Karagwe, na kwa hiyo naomba nianze na kahawa. Mkulima wa hapa akipeleka kahawa yake ya maganda kwenye chama cha msingi, hapokelewi kwa makofi. Karani huzamisha mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko, akatoa kahawa ya chini, maana anaujua ujanja wa kuweka nzuri juu na mbovu chini. Huitikisa kiganjani asikie kama imekauka. Hutafuta vijiti, mawe na kahawa iliyochumwa mbichi. Akiona unyevu umezidi, mama aliyebeba gunia hilo kutoka kilimani huambiwa arudi nalo akaianike tena, na fedha hazitoki mpaka arejee. Mama yule hanung'uniki sana, kwa kuwa anaelewa kwamba anayelipa ana haki ya kukagua. Hakuna mtu aliyewahi kumwita karani wa kahawa mchochezi, wala kumwambia kwamba anarudisha nyuma maendeleo ya Karagwe.

Sasa mfuate mama huyohuyo siku anapokuwa yeye ndiye mlipaji. Kwa kodi na ushuru wake, na mara nyingi kwa mchango wake wa mchanga, mawe na maji, hujengwa darasa la mwanawe. Darasa likikamilika huitwa kwenye sherehe, akapewa nafasi ya kushangilia. Hakuna anayemkabidhi ufunguo na kumwambia: ingia, gonga sakafu kwa kisigino, tazama kama mlango unafunga, rudi utuambie. Mkono wake, ambao serikali iliuamini kuchuma na kuanika kahawa inayoiletea nchi fedha za kigeni, hauaminiwi kugusa lipu ya ukuta.

Mwaka 2021 nchi ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi trilioni 1.3, kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000 kote nchini kwa muda mfupi sana. Nilifurahi wakati ule na bado nafurahi. Mwenye kupinga darasa katika kata ambayo watoto walikuwa wakibanana mia moja chumba kimoja ana matatizo yake mwenyewe. Ila kuna jambo ambalo kila fundi wa hapa Kihanga analijua: zege hupimwa nguvu yake baada ya siku 28, na katika siku za mwanzo linataka kumwagiwa maji kama mche wa kahawa uliopandikizwa kiangazi. Zege halijui tarehe ya ziara ya kiongozi. Ujenzi ukipangiwa siku ya kumalizika kwa kufuata ratiba ya wakubwa, kitu cha kwanza kuliwa ni siku hizo za kumwagilia. Msomaji wangu wa Karagwe au Kyerwa hana haja ya kuniamini mimi. Aende kwenye shule yoyote ya kata iliyo karibu naye, aingie darasa lililojengwa katika miaka hii, na akanyage sakafu pale mlangoni, ambapo watoto hupita zaidi. Akikuta saruji imegeuka vumbi, aulize ni nani alitia sahihi ya kulipokea.

Wanafunzi wangu wa sasa walikuwa bado shule za msingi wakati wa mkasa ninaotaka kuukumbusha, hivyo nitausimulia kwa kirefu kidogo. Tarehe 15 Aprili 2017 Rais Magufuli alizindua hosteli mpya za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Majengo 20, yenye uwezo wa kuchukua wanafunzi 3,840, yaliyojengwa na Wakala wa Majengo Tanzania kwa shilingi bilioni 10. Bei hiyo ndogo ilisifiwa kwenye jukwaa kama ushahidi kwamba wakandarasi binafsi walikuwa wakituibia siku zote. Huenda walikuwa wakituibia kweli. Lakini haijatimia miezi minane, mwanzoni mwa Desemba mwaka uleule, picha za nyufa kwenye kuta za hosteli zikaanza kusambaa mitandaoni. Wakala ukajibu kwamba yale hayakuwa nyufa za hatari, yalikuwa maungio yaliyoachwa makusudi ili jengo lipate nafasi ya kutanuka na kusinyaa kwa joto. Na mwanafunzi mmoja aliyehusishwa na usambazaji wa picha hizo akajikuta mikononi mwa polisi akihojiwa.

Mimi si mhandisi, na maungio ya kutanukia ni kitu halisi katika ujenzi. Jengo refu lisilo nayo litajipasulia lenyewe mahali linapotaka. Kwa hiyo nakubali, kwa ajili ya hoja, kwamba Wakala ulisema kweli tupu. Bado maswali yanabaki, na ndiyo yaliyonitia uchungu kuliko nyufa. Kama maungio yale yalipangwa, kwa nini mwanafunzi anayelala ubavuni mwake hakuambiwa siku anapokea ufunguo? Kwa nini hakukuwa na karatasi moja nyuma ya mlango ikisema: hapa na hapa pameachwa nafasi, itaonekana kama ufa, usishtuke, ukiona ufa mahali pengine, au huu ukipanuka, mwambie fulani? Karatasi hiyo isingegharimu chochote. Isingeandikwa kwa sababu rahisi: inamhesabu mkaaji wa jengo kuwa mtu mwenye macho, na sisi tulikuwa tumekwisha kuamua kwamba macho ya mkaaji ni tishio. Kijana alipoonesha kwa kidole kitu ambacho kwa maelezo ya serikali yenyewe kilikuwa salama, jibu la kwanza la dola halikuwa kumpelekea mhandisi amweleze.

Watumishi wa umma wanaosoma hapa wanaielewa hali hii vizuri kuliko mimi. Mkuu wa shule anayeandika barua kwamba paa la bweni jipya linavuja anajua barua hiyo itasomwaje. Haitasomwa kama taarifa ya paa. Itasomwa kama maoni yake juu ya mgeni rasmi aliyelizindua. Basi ananunua ndoo.

Wengine watadhani maradhi haya ni ya serikali peke yake na kwamba soko huru limeyaponya. Mpwa wangu, mtumishi wa umma kijijini kwetu hapo awali na sasa mkazi wa Dar es Salaam, alichukua mkopo wa benki kununua nyumba ya vyumba viwili kwenye jengo la ghorofa la kampuni binafsi, ambayo sitaitaja. Alikuwa amelipa kwa awamu tangu jengo likiwa shimo. Ilipobaki awamu ya mwisho alinipigia.

"Mjomba, wanasema nimalizie kwanza ndipo wanipe ufunguo niingie kuangalia. Kasoro zikiwapo, wanasema nitaziona nikishahamia, watazirekebisha."

Nikamuuliza kama angenunua ng'ombe kwa mtindo huo. Akacheka, lakini kicheko cha mtu mwenye mkopo.

Sisi wa Kagera tuna jina la biashara ya namna hii. Tunaiita butura: mkulima mwenye shida huuza kahawa ikiwa bado ua mtini, kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika hana anachovuna. Viongozi wamepiga vita butura kwa miaka mingi, na wamefanya vema. Kununua nyumba ikiwa bado mchoro ni butura iliyogeuzwa upande, ambapo safari hii mwenye fedha ndiye anayefungwa mikono. Ametoa sehemu kubwa ya mali yake mapema, na kila mwezi unaopita anapoteza uwezo wa kukataa. Awamu ya mwisho ndiyo fimbo pekee aliyobakiza, na ndiyo maana kampuni inaitaka kabla ya ufunguo.

Nilimwambia apeleke barua ya maneno machache: nitakagua mbele ya mwakilishi wenu, tutaandika kasoro, sote tutatia sahihi, nanyi mtazirekebisha kwa tarehe tutakayokubaliana, kisha nitalipa siku hiyohiyo. Walikasirika, wakamzungusha wiki tatu, wakakubali. Alikwenda na fundi bomba, fundi umeme na golori moja ya mtoto wake. Golori ile, akiiweka katikati ya bafu, ilikimbilia mlangoni badala ya kukimbilia tundu la maji. Maana yake kila atakapooga maji yataingia chumbani. Waligonga vigae kwa sarafu na kusikia vinavyolia kama debe tupu, ishara kwamba chini yake hakuna saruji ya kutosha. Walifungua koki zote kwa wakati mmoja na kuona ya jikoni inakata. Waliingiza chaja ya simu kwenye kila soketi na kukuta mbili hazina umeme. Dirisha moja la upande wa magharibi lilikuwa na alama ya maji chini yake. Mvua ya masika ilikuwa imekwisha kufanya ukaguzi wake kabla yao. Orodha ilifika mambo kumi na saba. Hakuna hata moja lililohitaji shahada.

Nyufa nazo zinaweza kusomwa na mtu wa kawaida kwa kiasi fulani. Zile nyembamba kama unywele, zinazotawanyika kwenye lipu bila mpangilio, mara nyingi ni lipu iliyokauka haraka. Ufa unaopanda ukuta kwa mshazari kama ngazi, unaokata kona ya dirisha, au unaoingia kwenye nguzo na boriti, huo ni wa kuitiwa mhandisi kabla ya kutia sahihi yoyote. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake na tarehe. Ukivuka alama baada ya wiki chache, jengo linakwambia kitu.

Tena anayenunua nyumba ya ghorofa hanunui kuta zake peke yake. Tangu Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, mtu anaweza kuwa na hati ya sehemu yake ndani ya jengo, huku msingi, paa, ngazi na matangi ya maji vikiwa mali ya wote kwa pamoja. Hili ni jambo jema, lakini wachache wanaofikiri maana yake: ubovu wa nguzo iliyoko kwenye maegesho ya magari ni wako pia, kwa asilimia, hata kama chumba chako kinang'aa. Mpwa wangu alikagua nyumba yake kwa siku nzima. Kwenye paa na chini ya jengo hakuruhusiwa kufika, akaambiwa hayo ni ya wataalamu. Hapo nadhani alionewa, na hapo ndipo wanunuzi wa jengo moja wangepaswa kuungana kabla ya makabidhiano, wachange fedha, wamlete mhandisi wao aliyesajiliwa, asiye na uhusiano na mjenzi.

Maana mzaha wa golori una mwisho wake. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam, kwenye makutano ya barabara ya Morogoro na mtaa wa Indira Gandhi, lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024, Kariakoo, jengo la biashara lililojaa wachuuzi na wateja likaporomoka asubuhi, likaua zaidi ya watu 20. Kati ya mikasa hiyo miwili imepita zaidi ya miaka kumi na moja. Kila mmoja ulifuatiwa na tume na ahadi. Na sisi wa Kagera tuna siku yetu: Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipoitikisa mkoa mchana, likaua watu wasiopungua 16, likabomoa maelfu ya nyumba, na kuziharibu shule kongwe za Ihungo na Nyakato kiasi cha kulazimu kuzijenga upya. Tetemeko ni mkaguzi asiyepokea bahasha. Tuko karibu na tawi la magharibi la Bonde la Ufa, na halitakuwa la mwisho. Mtu anayepokea jengo jipya Karagwe, Kyerwa au Missenyi bila kuuliza kama lina mkanda wa zege juu ya madirisha na nondo za kutosha kwenye kona, anapokea deni ambalo siku ya kulilipa haijatajwa.

Najua majibu yatakayokuja, kwa kuwa nimeyasikia kwenye semina na kwenye vikao vya kata. La kwanza ni kwamba mwananchi si mhandisi. Ni kweli, na mnywaji wa maziwa si daktari wa mifugo, lakini anajua yaliyochacha. Ukaguzi wa mtumiaji hauchukui nafasi ya mhandisi. Unamlazimisha mhandisi kuwapo na kujibu. La pili ni kwamba ukaguzi utachelewesha miradi. Hili lina ukweli ndani yake. Utachelewesha, kwa wiki mbili au tatu. Nipo tayari kulitetea hilo mbele ya mzazi yeyote.

La tatu ndilo zito: kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 1978, makabidhiano ya jengo ni tukio la kisheria lenye orodha ya kasoro. Mjenzi anawajibika kwa mwaka mmoja kurekebisha kila kilichoandikwa, na kwa miaka 10 kwa ubovu unaotishia uimara wa jengo. Wana bima, wana mahakama zenye muda. Sawa. Lakini sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, zilizochongwa kwenye jiwe yapata miaka 3,700 iliyopita, zilikwisha kuamuru kwamba mjenzi ambaye ukuta aliojenga haukusimama imara auimarishe kwa gharama yake mwenyewe. Babeli haikuwa na bima. Hata sisi kanuni tunayo: miradi ya umma ina kipindi cha matazamio, aghalabu miezi 12, ambapo mkandarasi hurudi kurekebisha kasoro, na sehemu ya malipo yake hushikiliwa mpaka amalize. Waulize watumiaji wa jengo lolote la umma unalolijua kama waliwahi kuambiwa kipindi hicho kinaanza lini na kinakwisha lini. Miezi 12 hupita kimyakimya, fedha iliyoshikiliwa hutoka, na ufa uliokuwa wa mkandarasi unakuwa wa kijiji.

Kwenye miradi inayotumia mafundi wa kwetu wenyewe, hali ni ngumu zaidi, kwa sababu hakuna hata mkandarasi wa kurudi. Kuna kamati za wananchi: ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi. Kamati ya mapokezi huhesabu mifuko ya saruji na nondo zinaposhushwa, kazi muhimu sana, na nawajua wajumbe walioifanya kwa uaminifu bila posho. Lakini kuhesabu saruji iliyoingia getini ni nusu ya kazi. Kamati hiyohiyo inapaswa kuwa na mamlaka ya kulipokea jengo lenyewe au kulikataa, ikiwa na mhandisi wa halmashauri pembeni yake, na malipo ya mwisho ya fundi yasubiri sahihi zao.

Ninachowaomba watumishi wa halmashauri za Karagwe na Kyerwa hakihitaji sheria mpya wala bajeti. Kila jengo linalokabidhiwa, ibandikwe mlangoni nakala ya orodha ya kasoro zilizoonekana siku ya makabidhiano, jina la cheo cha aliyelipokea, na tarehe ambayo kipindi cha matazamio kitakwisha. Kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, mahali ambapo mzazi anaweza kusoma akiwa amesimama. Na wanafunzi wanaotoka huku kwenda vyuoni, mkipewa chumba kwenye hosteli mpya Oktoba hii, ingieni na penseli. Pigeni picha za kuta siku ya kwanza, andikeni tarehe, na mpeleke nakala kwa mshauri wa wanafunzi ikiwa na muhuri wa kupokelewa, kabla ya kuitundika popote pengine.